Nazima simu saa 2 usiku mpaka alfajiri, nyumbani wananiona nina roho mbaya. Wewe una tabia gani na simu yako?

Katibu Kipara (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo.

Nina jambo dogo ila limeshazaa kikao cha ukoo. Ikifika saa 2 usiku simu yangu naizima. Sisemi naiweka sailensi. Nazima kabisa, naitia kwenye kabati la vyombo, nafunga, nalala. Nikishaswali alfajiri ndiyo naiwasha. Mwaka wa tatu sasa.

Sababu: mimi ni katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku Tandahimba. Kuanzia Oktoba minada ya korosho ikifunguliwa, namba yangu inageuka kisima cha kijiji, kila mtu anakuja na ndoo yake. Mkulima amepeleka magunia ghalani, ana stakabadhi mkononi, mnada umepita, bei ameisikia. Anachosubiri ni ile meseji ya benki. Isipoingia hapigi benki, ananipigia mimi. "Katibu, vipi, zimeingia?" Saa 3 usiku. Saa 5. Mzee mmoja alinipigia saa 9 usiku, nikapokea huku nimeshakaa kitandani natafuta shati, najua ni msiba. Akaniuliza, "Katibu, umelala?" Nikamwambia ndiyo mzee wangu. Akasema, "Basi lala, mie nlikuwa naulizia tu zile hela."

Toka usiku ule nikaanza kuzima.

Sasa mwezi uliopita shemeji yangu, mke wa kaka, kajifungua usiku, damu ikawa haikatiki. Gari la karibu pale mtaani ni langu. Kaka kapiga weee, namba haipatikani. Kaja kugonga mlango, na sisi tunalala vyumba vya nyuma, mvua inapiga bati, hatukusikia. Mungu si Athumani, kapata gari la mwalimu mmoja, mama na mtoto wazima. Mimi alfajiri nawasha simu, meseji zikaingia mfululizo mpaka simu ikawa inatembea mezani yenyewe kwa mtetemo.

Kaka ananisalimia, lakini salamu yake haina mwili. Mama kaitisha kikao. Wote wananiambia niache kuzima, hakuna hata mmoja aliyeniambia nitalala saa ngapi.

Naomba ushauri. Na kila mtu aseme tabia yake na simu, nijue kama mwehu ni mimi peke yangu.

Nawasilisha.

Mwana Mikindani

Nimewahi siti ya mbele. Ming'oko ninayo, chumvi ninayo, endeleeni.

Sista wa Zamu

Kaka Katibu, nakuomba radhi kabla sijakwambia, lakini hapo ulikosea.

Mimi ni muuguzi, niko Ruangwa. Mama akivuja damu baada ya kujifungua huwa hatuhesabu siku, tunahesabu dakika. Ndani ya saa mbili anaweza kuondoka mikononi mwako huku unamtazama. Hiyo mvua na hilo bati lako visingekuwa na la kujibu.

Tabia yangu niseme. Siku ya zamu ya wito simu inalala chini ya mto, sauti juu kabisa, mlio ule wa kizamani wa kengele ambao hakuna mtu mwenye akili anaupenda. Niliuchagua makusudi, maana mlio mzuri unauota tu, unaendelea kulala. Kasoro yake ni moja: nikiwa sokoni, simu ya mtu mwingine ikalia mlio uleule, moyo unaruka na miguu inaanza kutembea yenyewe. Juzi niliacha nyanya zangu kwa muuzaji, nimeshafika barabarani ndiyo nakumbuka niko likizo.

Siku za mapumziko naiweka chumba kingine, lakini imewashwa. Kuzima kabisa, hapana.

Mtu Chake

Katibu, sema ukweli hapa wanaume tusikilizane. Ni wakulima kweli au kuna "mkulima" mmoja mwenye sauti nyororo ambaye shemeji yetu hatakiwi kumsikia saa 4 usiku? 😂

Katibu Kipara

Mtu Chake, mke wangu ndiye mwenye ufunguo wa hilo kabati. Tafuta jingine.

Fundi wa Sokoni

Wakuu salaam. Mimi fundi simu, kibanda changu kiko Mtwara mjini karibu na soko. Niwasaidie upande wangu, hayo ya ukoo mtayamaliza wenyewe.

Kuzima simu usiku hakuiui. Kinachoua betri ni joto. Mtu anachomeka chaji saa 3 usiku, anaiweka chini ya mto, juu yake anaweka kichwa, na Mtwara yetu hii ya Februari unavyoijua. Baada ya mwaka analeta simu mgongo umevimba kama andazi, ananiambia "fundi, hii simu feki." Simu siyo feki, uliichemsha wewe. Ukiweza isiishe mpaka sifuri na isishinde kwenye asilimia mia, betri litakuheshimu. Tena chaji ikiwa juu ya meza, siyo godoroni.

Huku kwetu kuna magonjwa mawili ambayo fundi wa Dodoma nadhani hayajui. La kwanza ni hewa ya bahari. Tundu la chaji linaota kutu ya kijani, mteja anasema "mpaka niiegeshe na kijiti ndiyo inaingiza." La pili ni salfa. Kuanzia mwezi wa sita mikorosho inapopuliziwa, napokea simu spika imejaa unga wa njano, ukiifungua harufu inakupiga kabla hujaona kitu. Salfa inakula shaba, wakuu. Mpulizaji anafunga pua na mdomo kwa kitambaa halafu simu iko mfuko wa shati inavuta kila kitu. Mfuko wa nailoni wa bure tu ungetosha.

Nahodha Mdogo

Fundi kanikumbusha. Mie mvuvi, niko Msanga Mkuu, ng'ambo tu hapo ukivuka kutoka Mtwara.

Baharini naenda na kitochi. Simu janja ninayo, inabaki kwa mke. Watu wanadhani naogopa isizame, kumbe shida ni vidole. Kidole chenye maji ya chumvi ukigusa kioo kinafungua mambo yake, unataka kupiga kwa mnunuzi unajikuta umempigia mama mkwe. Kitochi unakitia kwenye nailoni mbili, unafunga fundo, unabonyeza vitufe juu ya nailoni hukohuko, unasikia na unasikika. Halafu kinakaa ndani ya dumu lililokatwa, dumu limefungwa kwenye ngalawa. Ngalawa ikipinduka dumu linaelea.

Matumizi yake ni mawili. Asubuhi kabla ya kutoka, kuuliza upepo, maana kimbunga Hidaya kilivyokuja Mei 2024 aliyedharau taarifa za hali ya hewa alijuta. Na wakati wa kurudi, nikishaanza kuona minara tu, napiga kwa wanunuzi watatu kuuliza bei. Zamani ulikuwa unafika pwani na samaki wako wanaanza kulegea, bei anakupangia aliyesimama pale. Siku hizi nafika nimeshauza.

Picha za samaki sipigi. Wenzangu wanapiga wanaweka kwenye status kabla hawajafika nchi kavu. Mie naona nuksi.

Bi Majivu

Hamjambo wanangu. Nami niingie, nimesomewa uzi huu na binti yangu nikacheka.

Mie nabangua korosho na kuuza barabarani, pale Mnazi Mmoja njia panda. Kazi hii mnaiona rahisi mkiinunua kwenye mfuko. Ganda la korosho lina mafuta makali, yakikushika yanababua. Tunapaka majivu mikononi lakini bado ngozi inachubuka, vidole vinakuwa laini vinang'aa kama kijiko.

Mwaka 2019 likaja lile la kusajili laini kwa alama za vidole. Nikapanga foleni na kitambulisho changu. Kijana wa usajili akaniambia weka kidole gumba. Hakuna. Cha pili. Hakuna. Akanifuta kwa kitambaa, akanifuta tena, akanishika mkono akautazama, akasema, "Mama, wewe huna alama." Nikamwambia mwanangu, alama zangu zimekwenda na korosho. Watu nyuma wananung'unika.

Tukajaribu vyote tisa. Cha kumi, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ndicho kikasoma. Kwa nini? Ndicho hakishiki korosho, kinakaa pembeni siku zote kama bwana harusi. Laini yangu ipo hewani mpaka leo kwa sababu ya kidole kile.

Sasa binti kaninunulia simu janja, inafunguka kwa kidole. Nikaweka kidole hichohicho. Watu wakiniona barabarani nafungua simu kwa kidole cha mwisho cha kushoto wanadhani najidai au nina uganga. Tabia yangu ndiyo hiyo.

Wewe Katibu, mama yako yuko sahihi.

Mwana Mikindani

Bi Majivu shikamoo. "Kama bwana harusi" nimeirudia mara tatu.

Mpakani 255

Mimi tabia yangu ni moja: saa ya simu siiamini. Nina saa ya ukutani ya betri na nina saa ya mkononi.

Naishi Kilambo, mto Ruvuma uko hapo. Minara ya wenzetu wa Msumbiji inatufikia, na usiku mtandao wa huku ukiyumba simu inadaka wa kule bila kukuuliza. Wenzetu wako nyuma yetu saa moja. Kwa hiyo simu inajirudisha saa yenyewe, kimyakimya.

Ramadhani moja nikiwa mgeni huku niliweka alamu ya daku saa 10 alfajiri. Alamu ikalia, nikaamka vizuri, nikapasha wali, nikachemsha chai, nimekaa mkekani, tonge la kwanza liko hewani. Naangalia simu, saa 10 na dakika 20. Mara nasikia adhana. Nikasema huyu muadhini leo kapotea njia. Tonge likashuka. La pili likashuka. Jirani akapita na kanzu anakwenda msikitini, akanitazama dirishani, akasema, "Sheikh, unakula?"

Siku ile nililipa. Nikaenda kwenye mipangilio nikatoa ile ya saa kujirekebisha yenyewe, lakini imani ilishaondoka.

Wageni mnaokuja kuvuka kwenda Msumbiji, kumbukeni hilo, na mzime data, bando la huko siyo hili lenu.

Mtu Chake

Hii ni chai mkuu. Simu ijirudishe saa yenyewe?

Fundi wa Sokoni

Siyo chai. Mnara unatuma saa ya nchi yake, simu iliyoruhusiwa kujirekebisha inafuata. Wateja wa Kitaya na Mahurunga wananiletea sana, wanasema "fundi, simu inachelewa." Namwambia haichelewi, iko nje ya nchi.

Mwalimu wa Porini

Mimi nilipangiwa Liwale nikiwa kijana mbichi. Kijijini kwetu mtandao ulikuwa unapatikana chini ya mwembe mmoja tu, na siyo mwembe wote, upande wa mashariki, hatua kama nne kutoka kwenye shina. Ukisogea mguu mmoja sauti inakatika. Jioni watu wanapanga foleni kama wa dawa.

Sasa fikiria unaongea na mchumba wako, nyuma yako amesimama mwenyekiti wa kijiji, nyuma yake mganga, nyuma yake wanafunzi wako wawili wametumwa kumpigia mjomba. Kunong'ona huwezi, mtandao wenyewe unataka upaze sauti. Nilitongoza kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Nilipokataliwa kijiji kizima kilinipa pole, mama mmoja akaniletea mabibo.

Mnara walishajenga siku nyingi, nami nimehamia Lindi mjini, mtandao upo mpaka chooni. Lakini mpaka leo siwezi kuongea na simu nimekaa. Ikilia nasimama, natoka nje, natafuta mti. Mke wangu alikuwa anadhani namficha kitu. Ilibidi nimpeleke Liwale nikamwonyeshe mwembe.

Binti wa Hosteli

Nyie watu wazima mna mambo 😂😂 Shikamooni lakini.

Mimi niko chuo hapa Mtwara. Sipigi na sipokei. Mtu akinipigia bila kunitumia meseji kwanza najua kuna msiba au anataka hela. Simu inaita naitazama tu mpaka inanyamaza, halafu namwandikia, "Mambo, ulipiga?" Sijui kwa nini, ndivyo nilivyo.

Tiki za bluu nimezitoa, muda wa kuonekana nimeuficha. Voisi nasikiliza kwa spidi mara mbili, hata ya mama. Kuna mhadhiri wetu anaongea polepole, ikifika darasani natafuta kitufe cha kumwongezea spidi simwoni nacho. Na bando nanunua la usiku, kwa hiyo saa 6 Katibu akiwa ndotoni mimi ndiyo nashusha tamthilia.

Katibu, suluhisho lako ni dogo sana. Usizime. Weka ile ya "Usisumbue", halafu ruhusu namba za ndugu tu ziite. Wengine wote kimya. Na kuna sehemu ukiiwasha, mtu akipiga mara mbili ndani ya robo saa inamruhusu, kwamba labda ana dharura.

Babu Daftari

Mjukuu wangu Binti, marahaba. Mimi na wewe leo tutaongea.

Mnatuandikia "Babu nitumie ya matumizi." Basi. Hakuna hujambo, hakuna babu umeamkaje, hakuna wa huko nyumbani hawajambo. Mtu hata akija kuomba moto anabisha hodi kwanza. Mimi meseji isiyo na salamu siijibu, na hela sitoi. Mjukuu wangu mmoja ilimchukua wiki nzima kugundua.

Laini yangu hii niliinunua ikiwa Celtel. Ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel 2010, watu wanabadilisha rangi ya mabango mimi niko na namba yangu ileile. Zamani zile vocha ilikuwa mali, tulikuwa tunabipu. Kwangu ilikuwa sheria: bipu moja nimefika salama, mbili nipigie wewe una hela, tatu kuna mgonjwa. Mdogo wangu wa Masasi aliwahi kubipu nne. Tulikusanyika ukoo mzima tukamfuata na gari la kukodi, tumefika yuko barazani anakunywa uraka. Kumbe kitufe kilikwama.

Na namba zote ninazo kwenye daftari, kwa penseli, maana watu wanabadili laini kama mashati. Mei 2024 zile nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikalala, nyumbani kwangu vijana walikuwa wanazunguka kama kuku waliokatwa kichwa, hawajui namba ya mtu hata mmoja kwa kichwa, kila kitu kiko WhatsApp. Mimi nikafungua daftari nikapiga kawaida.

Hela kwa simu natuma, ila ile Julai 2021 tozo za miamala zilipoanza nilirudi kumpa kondakta bahasha. Mpaka leo ya ada nampa kondakta. Nimemzoea, ananisalimia.

Binti wa Hosteli

Shikamoo babu. Habari za asubuhi, umeamkaje? Wa nyumbani hawajambo? Mvua huko zimenyesha?

Natumaini unaona ninakoelekea babu 🙏🏾

Babu Daftari

Marahaba. Hapana.

Nahodha Mdogo

😂😂😂

Fundi, nina swali nje ya mada. Simu ya mke ilianguka kwenye beseni la maji ya bahari, tumeitia kwenye mchele siku mbili. Inawaka ila haisikiki.

Fundi wa Sokoni

Mchele upikeni mle. Hauvuti maji ndani ya simu, unatia vumbi na punje kwenye tundu la chaji. Hata Apple wenyewe mwaka 2024 waliwaambia wateja wao waache. Maji ya kisima angalau yana huruma. Ya bahari yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi inaendelea kula ubao hata kama simu inawaka. Izime sasa hivi, usiichaji, niletee niifungue niioshe na spiriti. Kila siku unayongoja ndiyo bei inapanda, na sisemi kwa sababu ya njaa yangu.

Dada Wakala

Mie nina kibanda cha uwakala Newala, naomba niseme moja kabla Katibu hajabadilisha chochote.

Msimu wa korosho matapeli wanajua kalenda kuliko sisi. Ukiona minada imeanza, meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinaongezeka. Na mtindo mwingine, mtu anapiga usiku, sauti ya ofisini kabisa, anasema "mzee, malipo yako ya korosho yamekwama, nitajie namba ya siri tuyafungue." Usiku, kwa sababu mtoto aliyesoma kashalala na mzee yuko peke yake na simu. Mzee mmoja alikuja kwangu asubuhi anataka kutoa laki tatu, nikamwambia salio ni shilingi mia nne na kitu. Alikaa kwenye benchi langu mpaka adhuhuri, hakuongea. Nilimpa maji.

Namba kama hizo zitumeni kwenda 15040. Na mpige *106# muone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu, mnaweza kukuta mna watoto msiowajua.

Kwa hiyo Katibu, wanaokupigia wewe saa 3 usiku angalau wanampigia mtu sahihi. Hilo nalo ulipime.

Katibu Kipara

Wakuu nimesoma yote, nashukuru. Dada Wakala, neno lako limenikaa. Sikuwahi kulitazama upande huo.

Mrejesho wa kwanza. Nimefuata ya Binti, nimeweka "Usisumbue", ndugu sita nimewaruhusu, na ile ya dharura ya kupiga mara mbili nikaiwasha. Usiku wa kwanza nimelala saa 3. Saa 3 na dakika 10 inaita. Saa 3 na nusu inaita. Saa 4 inaita.

Binti, mkulima wa korosho hapigi mara moja. Hajawahi kupiga mara moja tangu dunia iumbwe. Anapiga, isipopokelewa anapiga tena hapohapo, halafu anampa jirani naye ajaribu na laini yake.

Binti wa Hosteli

Nimekufa 😭 Basi itoe hiyo ya mara mbili.

Sista wa Zamu

Asiitoe. Aliyebanwa na dharura kweli anaweza kuwa anapiga kwa simu ya mtu baki. Shemeji yako usiku ule angekuwa ameanguka njiani, anapigiwa na bodaboda, namba ya bodaboda umeiruhusu?

Bi Majivu

Nunua kitochi, mwanangu. Weka laini mpya, wape watu watano tu. Hiyo kubwa izime utakavyo.

Fundi wa Sokoni

Bi Majivu kamaliza. Elfu thelathini haifiki, chaji inakaa siku nne, na tochi ya kuendea zizini ipo.

Katibu Kipara

Mrejesho wa pili, na wa mwisho, maana mke wangu anasema sasa nashinda na simu kuliko wakati ule.

Nilinunua kitochi. Laini mpya nikasajili, namba nikawapa watu watano: mama, kaka, shemeji, dada yangu wa Nanyamba na jirani mmoja. Nikawaambia, hii ni ya damu na moto. Kinalala kwenye kiti pembeni ya kitanda.

Usiku wa tatu, saa 4, kikaita. Niliruka mpaka chandarua kikachanika. Kaka. Nikasema kuna nini? Akakaa kimya kidogo, akasema, "Hakuna kitu. Nilikuwa najaribu kama inaita." Nikamwambia inaita. Akasema haya, usiku mwema. Ndiyo mara ya kwanza ananiambia usiku mwema tangu siku ile.

Nikalala vizuri wiki moja na siku mbili.

Juzi, saa 5 usiku, kikaita tena. Namba siijui. Nikakumbuka maneno ya Sista, bodaboda, nikapokea huku naitafuta suruali.

"Katibu, samahani kwa usiku. Vipi, zimeingia?"

Asubuhi nikaenda kwa mama. Nikamwuliza namba kampa nani. Akaendelea kupepeta mtama wake, akasema, "Mwanangu, yule mzee kaja hapa na mguu wake mbovu, kakaa pale mpaka nikamhurumia. Tena hakuja mikono mitupu."

Nikatazama uani. Kuna jogoo mwekundu amefungwa mguu kwenye mpapai.

Sijui niwarudishie jogoo au nibadili laini. Hela zao, kwa wanaouliza, ziliingia jana.

Sista wa Zamu

Jogoo mleni. Kitochi usizime.